Kidonge cha Panja la Kushoto

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, Inspekta alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya mhadhiri kijana, anatazama ubongo wa mtu asiyemjua. Alikuwa na saa tano tu. Saa nane mchana kamati ya maadili ya chuo ingekaa kumsikiliza profesa aliyetuhumiwa kughushi utafiti wake mkubwa kuliko wote, na kamati hiyo hiyo ilikuwa imemkodi Inspekta ajibu swali moja: ubongo huu ni wa nani?

"Inspekta" lilikuwa jina la mazoea tu. Upolisi aliuacha miaka sita iliyopita, lakini hata mume wake, kinyozi, alimwita hivyo alipotaka kumchokoza. Asubuhi hiyo mume huyo alikuwa ametoka bafuni na ndevu za pembeni zimekwenda mrama, upande mmoja umepanda hadi usawa wa jicho. Alisema alitaka kupunguza za kulia tu, mkono ukaenda kushoto. Kila alipojinyoa mwenyewe ilikuwa hivyo hivyo. Mtaa mzima unamkabidhi vichwa, na chake mwenyewe kinamshinda. Inspekta alikuwa bado anacheka alipoingia kwenye lifti ya chuo.

"Haya," alimwambia mhadhiri, "nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu ni daktari wa meno."

"Basi shangazi yako."

"Shangazi yangu hana subira."

"Ndiye huyo huyo."

Mhadhiri alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuwa kijana nadhifu, kalamu zake zote zimeelekea upande mmoja. Aliwahi kuwa mwanafunzi wa profesa, na sasa ndiye aliyepeleka mashtaka.

"Miaka kumi na tisa iliyopita," alianza, "profesa alikusanya watu arobaini wasiopotea njia. Madereva, wapima ardhi, wapeleka barua. Kila mmoja alilazwa kwenye mashine ya MRI akapigwa picha ya ubongo, halafu akapewa mtihani wa kutafuta njia. Profesa akakuta wote arobaini wana kitu kimoja kikubwa kuliko kawaida. Hiki hapa." Akaweka ncha ya kalamu kwenye kioo, ndani kabisa ya kichwa, usawa wa sikio. "Jina la kitaalamu ni refu. Yeye alikiita kipembe, kwa sababu kimejikunja kama pembe. Akasema kipembe cha kulia ndicho ramani ya binadamu. Kikiwa kidogo, mtu hajui njia. Vitabu vya vyuo vyote vimeandika hivyo."

"Na ugomvi uko wapi?"

"Chuo kinataka mafaili ya zamani yafunguliwe kila mtafiti ayaone. Nikapewa kazi ya kuyasafisha. Nikafika kwa mtu namba thelathini na moja." Akafungua dirisha jingine. "Fomu yake inasema ni mwanamke, kilo hamsini na nane. Faili la picha yake linasema kilo themanini na moja."

"Watu wananenepa."

"Kati ya kupanda mzani na kulala kwenye mashine kuna dakika kumi, Inspekta."

Inspekta aliandika namba hizo mbili kwenye daftari, moja chini ya nyingine. Alipenda ushahidi wa namna hiyo, usiopiga kelele.

"Kwa hiyo picha si ya thelathini na moja. Ni ya nani?"

"Hapo ndipo nilipokwama. Mikunjo ya ubongo ni kama alama za vidole, hakuna watu wawili wanaofanana, hata mapacha. Niliilinganisha na wale thelathini na tisa wengine. Nikailinganisha na kila mfanyakazi wa idara aliyewahi kupigwa picha. Hakuna. Nadhani imetengenezwa, au imeletwa kutoka nje. Picha ya kweli ilimharibia matokeo, akaiondoa."

"Na hii nukta nyeupe?" Inspekta alionyesha pembeni mwa kichwa, juu ya shavu, ambako kitu kidogo kiling'aa kama ushanga.

"Kidonge cha vitamini. Kina mafuta ndani, na mafuta yanang'aa kwenye picha. Fundi wetu wa mashine anakibandika kwa plasta kwenye panja la kulia la kila mtu, hapa, kati ya jicho na sikio. Ubongo ukiutazama hivi hivi pande mbili zinafanana, unaweza kuchanganya kulia na kushoto. Kidonge kinakwambia kulia ni wapi."

"Na kikionekana kushoto?"

"Programu inageuza picha nzima, kama kwenye kioo, mpaka kidonge kije kulia. Mafaili ya zamani yana vurugu hizo."

"Kati ya arobaini ziligeuzwa ngapi?"

Mhadhiri aligusa vitufe. Akahesabu mara mbili.

"Moja."

"Ya nani?"

"Thelathini na moja," alisema. "Lakini hiyo ni kawaida."

Inspekta aliandika na hilo. Kisha akafunga daftari, akamtazama kijana usoni. "Unamchukia?"

"Profesa? Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma picha hizi. Ningefurahi awe hana kosa." Alizipanga kalamu zake, ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Lakini kilo ishirini na tatu, Inspekta."

*

Wanafunzi walimwita profesa kwa jina la Ramani. Inspekta alielewa sababu alipopotea kwenye jengo la pili, akakutwa na mwanamke mdogo wa umbo, mwenye nywele za mvi na koti jeupe lililompwaya, amesimama mbele yake kwenye kona ya korido.

"Umepita mlango wa maabara ya damu ukadhani ndio ngazi," mwanamke huyo alisema. "Wageni wote wanakosea hapo. Nifuate."

Alimpitisha stoo, akamtoa nyuma ya vyoo, akakata kona mbili bila kutazama kibao hata kimoja, na kufumba na kufumbua walikuwa ofisini. Kilikuwa chumba kidogo kilichojaa vitabu hadi dirishani. Mezani palikuwa na ubongo wa plasta wa kufundishia, rangi imebanduka upande mmoja kwa kushikwa na mikono ya miaka mingi. Ukutani palikuwa na karatasi kwenye fremu, imeandikwa kwa mkono: *Niletee mtu mmoja asiye na kipembe cha kulia na ambaye hapotei njia. Nitakichana kitabu changu mbele yako.*

"Nasema hivyo kila ninapohutubia," profesa alisema alipoona mgeni anasoma. "Hajaja mtu."

"Thelathini na moja ni nani?"

"Sijui."

"Utafiti ni wako."

"Ndiyo maana sijui. Nilitaka hivyo. Namba zilikuwa ndani ya bahasha, Fundi akazichanganya, kila mtu akapewa yake. Orodha ya majina ipo kwenye sefu ya kamati, imepigwa lakiri kwa miaka ishirini. Ningejua majina ningewapendelea ninaowapenda."

"Funguo za chumba cha mashine alikuwa nazo nani?"

"Mimi. Na Fundi Sumaku, fundi wetu wa picha. Basi."

"Na aliyefaidika na picha hiyo ni nani?"

"Mimi," profesa alisema. "Usiogope kuliandika."

Inspekta aliliandika. Katika kazi yake alikuwa amewahoji waongo wa kila aina, wanaolia, wanaoapa, wanaokasirika mapema. Huyu hakuwa hata mmoja wao, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi kuliko kumfariji.

"Hao arobaini uliwapata wapi?"

"Nilitangaza. Walikuja arobaini kamili, lakini dereva mmoja wa lori aliingia kwenye mashine akatoka mbio, anasema tunamzika hai. Wakabaki thelathini na tisa."

"Na wa arobaini?"

Profesa aliuzungusha ubongo wa plasta mezani. "Nafasi ilijazwa na mtu wa hapa hapa idarani. Kanuni za wakati ule ziliruhusu."

"Nani?"

"Hilo nitalisema kwenye kikao nikilazimishwa. Halihusiani na namba."

Inspekta alipiga mstari chini ya jibu hilo. Akataka kujua nini kitatokea jioni kamati ikimkuta na hatia.

"Watanivua uprofesa. Watafunga maabara. Kitabu kitaondolewa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini mikono ilikuwa imeubana ule ubongo wa plasta. "Mimi sikuzaa, Inspekta. Dada zangu wana wajukuu. Mimi nina hiki kipembe. Naogopa sana, nisikufiche."

*

Fundi Sumaku alikuwa mzee mnene, mwenye upole wa watu waliozoea kuwatuliza waoga. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu. Inspekta alimwomba ampeleke kwenye chumba cha mashine, na mzee akaondoka kwa hatua za mtu anayejua aendako. Wakafika kwenye chumba cha kufulia mashuka.

"Samahani, mwanangu," Fundi alisema, akageuka. Safari ya pili waliishia kwenye jenereta.

"Umefanya kazi hapa muda gani, mzee wangu?"

"Miaka ishirini na saba. Na kila siku ni kama mara ya kwanza. Mke wangu ananisindikiza mpaka getini, anasema akiniachia barabarani ataolewa tena." Alicheka mwenyewe. "Profesa ndiye huwa ananiokota."

Mara ya tatu walifika. Chumba cha nje kilikuwa na meza ya mitambo na dirisha nene. Nyuma ya kioo ilikaa mashine yenyewe, bomba kubwa jeupe lenye kitanda mdomoni. Inspekta alisema anataka kuona kazi inavyofanywa, hatua kwa hatua, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa.

Fundi alifurahi. Alimvua saa, pini za nywele na mkanda, akamuuliza kama ana chuma mwilini.

"Kilo?"

"Sabini."

"Panda mzani, mwanangu."

"Nimekwambia sabini."

"Panda tu."

Mzani ulisema sabini na sita. Fundi aliandika bila kumtazama usoni, kwa adabu. "Hapa uzito hauongopewi. Mashine inapasha mwili joto kidogo, inakata kipimo kwa kilo zako. Ukiipa kilo za uongo unaweza kumuumiza mtu. Mimi sijawahi kuandika kilo ya uongo maisha yangu yote."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Inspekta alizikumbuka zile namba mbili za daftarini. Aliyeingiza kilo themanini na moja aliweza kudanganya namba ya mtu, lakini kilo zilimshinda kudanganya.

Fundi alisimama mbele yake, wametazamana, akachukua kidonge kwa mkono wa kushoto na kukibandika kwenye panja la kulia la Inspekta. Hakuangalia hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe. Inspekta aliutazama mkono huo, akaona ndevu za mumewe, upande mmoja zimepanda usawa wa jicho. Kinyozi anayemtazama mteja, kulia kwa mteja ni kushoto kwake. Siku nzima mkono unajifunza kwenda kushoto. Na siku anapojinyoa mwenyewe, nani ataukumbusha?

"Mzee wangu," alisema, "sasa jibandike mwenyewe. Nione kikiwa kwa mtu mwingine."

Fundi alichukua kidonge kingine, akakata plasta kwa meno, akajibandika. Kulikuwa na kioo kidogo juu ya sinki lakini hakukihitaji.

Kidonge kilikaa kwenye panja la kushoto.

Inspekta alitoa simu, akampigia mhadhiri. "Ile picha ya thelathini na moja, irudishe kama ilivyokuwa kabla programu haijaigeuza. Kidonge kiache kushoto. Halafu ilinganishe na picha za Fundi Sumaku. Nasubiri."

Walisubiri. Fundi alipapasa panja lake, akakuta kidonge kilipo, akakibandua polepole. Akaanza kukunja mashuka ambayo tayari yalikuwa yamekunjwa.

"Siku hizi una kilo ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Tisini na mbili."

"Na miaka kumi na tisa iliyopita?"

Mzee alilikunja shuka jingine. Simu iliita.

"Inspekta," mhadhiri alisema. "Ni yeye. Kila mkunjo. Mimi nilikuwa namlinganisha Fundi na Fundi aliyegeuzwa."

Inspekta alikata simu. Alivuta kiti akamsogezea mzee.

"Nani alibonyeza mashine, ukiwa wewe ndani?"

"Alikuja mkaguzi wa kampuni kuipima. Aliomba mtu wa kulala, nikalala. Nikaandika namba thelathini na moja, yeye akadhani ni jaribio tu." Fundi alikiangalia kidonge kiganjani. "Nilijibandika kwa haraka. Miaka yote hii sikujua kwamba nilikibandika kushoto."

"Profesa alikutuma?"

"Profesa hajui lolote." Alilisema kwa nguvu, kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye hasira. "Ukitaka kuandika kitu, andika hilo kwanza."

"Basi kwa nini?"

Fundi aliinuka, akafungua kabati la chini, akatoa bahasha ya kahawia iliyochakaa pembeni. Ndani mlikuwa na diski. "Sikuifuta. Picha ya mtu huwezi kuifuta, ni kama kumfuta mwenyewe."

Akaiweka kwenye kompyuta. Ubongo ulijitokeza vipande kwa vipande, na Inspekta, ambaye asubuhi hakujua kipembe ni nini, alikitafuta mahali pake. Cha kushoto kilikuwepo, kinene kama kidole gumba. Cha kulia hakikuwepo. Mahali pake palikuwa na kitu kama punje ya mchele. Na pembeni, upande ule ule wa punje, kidonge kiling'aa.

"Nilidhani nimekosea kidonge," Fundi alisema. "Lakini hapana. Nilimbandika mwenyewe, uso kwa uso, kulia kabisa. Mtu huyu ndiye aliyepata alama za juu kuliko wote arobaini. Mtihani wa nusu saa alimaliza kwa dakika tisa."

"Mwanamke," Inspekta alisema taratibu. "Kilo hamsini na nane. Mtu wa idarani aliyejaza nafasi ya dereva wa lori."

"Mimi pekee niliijua namba yake, kwa kuwa yeye hakuifungua bahasha, na mimi ndiye niliyemlaza."

"Hakuiona picha yake?"

"Zilikwenda kwake bila majina. Aliiona yangu akaisifu, akasema tazama kipembe kilivyonona." Fundi alifuta macho kwa kona ya shuka. "Mimi nisiyejua hata njia ya chooni. Nilimwona akikesha na kazi hii miaka saba, mwanangu. Nikasema nikimpa picha hii, nimemuua."

*

Profesa alishuka saa sita na nusu. Inspekta alimwacha Fundi aeleze mwenyewe, na mzee alieleza vizuri, bila kujipendelea, akiwa amesimama kama mtoto wa shule.

"Umenifanya mwongo miaka kumi na tisa," profesa alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nimesimama mbele ya watu. Nimepewa zawadi. Na wewe ulikuwa unanipigia makofi kule nyuma."

"Ndiyo."

Alikuwa na hasira kali. Alimpa mgongo, akaisogelea picha, na Inspekta akaona jambo ambalo hakulitegemea: hasira ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, inasukumwa na kitu kingine. Profesa aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Alihesabu mikunjo. Alipima punje kwa ukucha.

"Kwa hiyo huyu ni mimi," alisema. "Niliona aibu kuwaambia kwamba nilijipima mwenyewe." Kisha alisema polepole, kama anayeijaribu ngazi asiyoiamini. "Inspekta. Umethibitisha kwamba mkono wa Fundi unaweza kukosea kidonge."

"Akijibandika mwenyewe. Ndiyo."

"Kamati haitajali tofauti hiyo. Nikisema alikosea na kwangu pia, watageuza picha. Kipembe kikubwa kitakuja kulia. Fundi ataonekana mzee aliyechanganyikiwa, na mimi nitakuwa sina kosa, na kitabu kitabaki."

"Nimeliona hilo," Inspekta alisema. Alikuwa ameliona tangu alipoitazama diski, na lilimkera kwamba ushahidi wake mwenyewe ndio ulioufungua mlango huo. "Siwezi kukuzuia kulisema."

"Liseme, mama," Fundi alisema haraka. "Mimi nimebakiza miezi miwili. Watanifanya nini?"

Profesa alitazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa saba na dakika tano. Akaivua saa hiyo, akaiweka mezani.

"Mashine iko huru?"

"Iko huru."

Akavua pini, akavua miwani, akapanda mzani bila kuambiwa. "Sitini na moja," alisoma. "Andika. Na wewe Fundi usiniguse. Inspekta ndiye atakayebandika."

Inspekta aliosha mikono kana kwamba anaingia chumba cha upasuaji. "Nyoosha mkono unaoandikia," alisema. Profesa akanyoosha wa kulia. Inspekta aliushika mkono huo, akaufuata kwa kidole hadi begani, shingoni, sikioni, na hapo hapo kwenye panja akabandika kidonge. Alikibonyeza mara mbili. Hakuwahi kubandika alama ya ushahidi kwa uangalifu wa namna hiyo.

Kitanda kiliingia ndani ya bomba. Mashine ilianza kugonga, kwanza taratibu, kisha kama watu kumi wanapiga mabati. Fundi alikaa kwenye meza ya mitambo, akabonyeza kila kitufe kwa zamu yake. Picha ilianza kujijenga, fuvu kwanza, halafu mikunjo, halafu ndani. Kugonga kukakoma.

"Fundi." Sauti ya profesa ilitoka kwenye kipaza sauti, nyembamba. "Kidonge kiko wapi?"

"Kulia, mama."

"Na kipembe?"

Fundi alisogeza kiti pembeni. Inspekta aliinama kwenye kipaza sauti.

"Kikubwa kiko kushoto, Profesa. Kulia kuna punje tu. Ni ile ile."

Kwenye spika ikaja sauti ambayo Inspekta alidhani ni kilio, na mkono wake ukaenda kwenye mlango. Fundi alimshika kiwiko.

"Anacheka," alisema, machozi yakimtiririka yeye.

Ilikuwa vyote viwili. "Miaka kumi na tisa," profesa alisema kutoka ndani, akishindwa kuvuta pumzi, "nawaambia waniletee mtu huyu. Nimetangaza kwenye mabara matatu. Na nilikuwa nakuja naye kazini kila asubuhi. Anajuaje njia, Fundi? Anatumia nini, huyu mtu?"

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui. Nitoeni humu, nitachelewa."

Saa nane kasoro dakika kumi walikuwa watatu koridoni. Inspekta alibeba ripoti ya kurasa nne, ya mwisho wino bado mbichi. Fundi alibeba bahasha ya kahawia kifuani. Profesa alipitia ofisini kwake, akatoka na kitabu chake kwapani, chenye jalada gumu, na ile karatasi ya ukutani ameitoa kwenye fremu. Panjani bado alikuwa na alama ya plasta.

Mhadhiri kijana alikuwa akiwasubiri kwenye ngazi. Alianza kusema samahani, profesa akamkatisha.

"Kuhusu zile kilo ulikuwa sahihi kabisa," alimwambia. "Kesho njoo asubuhi. Kuna kazi mpya, na mimi ndiye mgonjwa."

Akapita. Hakuwa amemsemesha Fundi tangu alipotoka kwenye mashine, na mzee alitembea hatua tatu nyuma yake, kichwa chini. Walipofika pale korido inapogawanyika, mbele ya maabara ya damu, Fundi aliufuata mlango asiopaswa kuufuata, kama kila siku. Profesa alirudi, akamshika mkono wa koti, akamvuta.

"Huku, Fundi," alisema. Hakumwachia mpaka walipofika kwenye mlango wa kamati.